Nani Amebaki Nyumbani?





Kiangazi kimetufikia hapa Iringa, na kama ilivyo desturi yake katika nyanda hizi zilizo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hakikuja na joto bali na baridi. Asubuhi upepo unavuma, watoto wanashinda na masweta hadi saa nne, na mchana jua linawaka katika anga lisilo na wingu. Mahindi yamevunwa, barabara za vumbi zinapitika, na shule zimefungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Haya ndiyo majira ambayo wazazi wengi hutujia baada ya Misa na kutuuliza swali moja: "Baba, watoto wapo nyumbani kutwa nzima wanatazama runinga. Tuwapeleke wapi?"

Swali hilo ni jema, nasi tunapenda kulijibu kwa uzito unaolistahili. Ila kwa muda sasa tumekuwa tukilijibu na kuongeza swali letu dogo, ambalo ndilo tungependa tulitafakari pamoja juma hili: mtakapoondoka, ni nani atakayebaki nyumbani?

Tuanze na hilo la kwanza. Wapo kati yetu wanaodhani kwamba matembezi ni mambo ya watalii, au ya watu wenye magari. Mkaaji wa Iringa hana sababu ya kusema hivyo. Mji wetu si mkubwa. Sensa ya mwaka 2022 ilitukuta katika Manispaa tukiwa watu zaidi ya laki mbili tu. Lakini Mwenyezi Mungu ameuzungushia mambo ambayo miji mikubwa kuliko huu haina.

Jiwe la Gangilonga lipo hapa hapa mjini, mwendo wa miguu tu kutoka katikati ya mji. Jina lake kwa Kihehe lina maana ya jiwe linaloongea, na wazee husimulia kwamba Mtwa Mkwawa alikuwa akilijia kutafuta shauri. Aliye juu yake jioni huuona mji wote chini yake, paa kwa paa, na kujua kwa mara ya kwanza jinsi nyumba yake ilivyo ndogo na jinsi ilivyo karibu na nyumba ya jirani yake. Hapo mjini tena lipo lile jengo la kale la Wajerumani ambalo tangu mwaka 2016 ni Makumbusho ya Boma, ambamo mtoto anaweza kujifunza kwa saa moja mambo ya watu wa mkoa huu ambayo sisi wakubwa tulisimuliwa nusu nusu.

Ukitoka mjini kiasi cha kilomita 15, katika njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, utafika Kalenga. Hapo ndipo ilipokuwa ngome ya Mkwawa, na hata jina la Iringa lenyewe limetokana na neno la Kihehe lilinga, yaani ngome. Majeshi ya Wajerumani yaliivunja ngome ile tarehe 30 Oktoba 1894. Mtwa hakukamatwa, aliendelea kupigana porini hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojipiga risasi kuliko kuanguka mikononi mwa adui. Kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliohitimisha Vita Kuu ya Kwanza, ulikuwa na kifungu kilichotaka fuvu lile lirudishwe. Lakini halikurudi hadi mwaka 1954, na leo limo katika makumbusho ya Kalenga. Wapeni watoto hesabu hiyo waifanye wenyewe: miaka 56. Kwa miaka 56 Wahehe hawakukubali kusema kwamba wapo wote, maana mmoja wao alikuwa hayupo. Tunaomba mlishike jambo hilo, kwa kuwa tutalihitaji mbele.

Kwa upande mwingine, kiasi cha kilomita 20 kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, kuna Isimila. Hapo palikuwa na ziwa dogo ambalo lilikauka zamani mno, na mvua zikachimba korongo na kuacha nguzo za udongo ndefu kuliko minara ya makanisa yetu mengi ya vigangoni. Mwaka 1951 zilionekana hapo zana za mawe, na uchimbaji wa miaka ya 1957 na 1958 ukafunua nyingine nyingi: shoka za mkono na visu vya mawe, pamoja na mifupa ya wanyama ambao baadhi yao hawapo tena duniani. Wataalamu huzikadiria zana hizo kuwa na umri wa zaidi ya miaka 200,000. Zinaonekana pale pale chini, na yeyote aweza kuinama na kuzitazama. Kuzichukua ni kosa kisheria, nasi tunawasihi wazazi wakague mifuko ya watoto kabla ya kuondoka.

Tukitaka matembezi yenye sala, ipo Tosamaganga, misheni kongwe iliyoanzishwa na Wabenediktini mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikapokewa na Wamisionari wa Konsolata baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Ipo na hospitali, na familia inayokwenda kusali inaweza pia kumwona mgonjwa asiye na ndugu wa karibu. Na wale ambao Mungu amewajalia uwezo zaidi, Hifadhi ya Ruaha ipo mwendo wa saa chache tu, na ada ya raia langoni ni ndogo mno kuliko ile anayotozwa mgeni.

Basi "wapi" si tatizo. Na "je, inafaa?" pia si tatizo, ingawa wapo waamini wema wanaoona haya kupumzika, kana kwamba kukaa kivulini na watoto ni kumwibia Mungu muda. Ndugu zangu, Mungu mwenyewe alipomaliza kuumba alistarehe siku ya saba, akaibariki (Mwa 2:2-3). Bwana wetu Yesu Kristo, Mitume wake waliporudi kutoka utume wakiwa wamechoka hata hawana nafasi ya kula, aliwaita waende faraghani wapumzike kidogo (Mk 6:31). Na katika Injili tunayosoma mwezi Julai, Dominika ya 14 ya Mwaka A, anawaita kwake wote wasumbukao na kulemewa na mizigo, na ahadi anayowapa ni hiyo hiyo: pumziko (Mt 11:28). Mapumziko, kwa hiyo, si posho ya matajiri. Ni amri, na ni zawadi.

Lakini tuisome amri hiyo mpaka mwisho. Wengi wetu tuliikariri katika mafundisho ya Komunyo ya kwanza kwa ufupi wake: kuitakatifuza siku ya Bwana. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati (5:12-15) amri hiyo ni ndefu, na urefu wake umetokana na orodha. Mungu hakutosheka kumwambia baba wa nyumba apumzike. Alitaja mtoto wa kiume na wa kike, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, na mgeni aliye ndani ya malango. Kisha akaeleza sababu: ili mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe. Akawakumbusha Waisraeli kwamba wao wenyewe walikuwa watumwa Misri, na huko hakuna aliyewauliza kama wamechoka. Kitabu cha Kutoka (23:12) kinaongeza hata mtoto wa mjakazi, ili naye apate kuburudika. Baba Mtakatifu Fransisko alilikumbuka andiko hilo katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 (na. 237).

Mungu angeweza kusema "nyumba yako yote" akaishia hapo. Alichagua kuhesabu mmoja mmoja. Tunaamini alifanya hivyo kwa sababu anatujua: tunaposema "nyumba yote", yupo mtu ambaye macho yetu yameshazoea kumruka.

Kiangazi cha mwaka jana parokia yetu iliandaa safari ya siku moja kwenda Isimila, kwa ajili ya watoto wa Utoto Mtakatifu na familia zao. Jumuiya ndogondogo ziliombwa kuleta orodha. Mwenyekiti mmoja, mwalimu mstaafu na mtu wa mpangilio, alituletea karatasi iliyopigwa mistari kwa rula, yenye safu tatu: jina la familia, idadi ya waliomo nyumbani, na idadi ya wanaosafiri. Familia zilikuwa 23. Katika 11 kati ya hizo, nambari ya mwisho ilikuwa pungufu kwa mmoja.

Tukamwuliza, "Mwalimu, mbona nyumba nyingi zinapungua mtu mmoja mmoja?"

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Baba, hao ni mabinti wa kazi. Wanabaki kulinda nyumba."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kwamba mvua huanguka kutoka juu. Tukamwomba awarudie wale 11 na kuwaambia kwamba nauli ya binti italipwa na parokia, kwa hiyo hakuna atakayeingia gharama. Siku ya pili alirudi na majibu. Familia nne zilikubali.

Mmoja wa mabinti hao wanne alikuwa na miaka 19, mzaliwa wa kijiji kimoja cha wilaya ya Kilolo. Alikuwa ameishi hapa mjini miaka miwili, na njia alizozijua zilikuwa tatu: ya sokoni, ya mashine ya kusaga, na ya kanisani kwenye Misa ya kwanza, kabla wenye nyumba hawajaamka. Gangilonga alikuwa akiliona kila siku akianika nguo, wala hakuwahi kulikaribia. Haya alitusimulia mwenyewe ndani ya basi, kwa sauti ya chini, akiwa amempakata mtoto wa mwisho wa familia ile.

Tulipofika Isimila, binti yule alishuka akiwa na mtoto mgongoni, kikapu cha vyombo mkono wa kulia, na chupa ya chai mkono wa kushoto. Watu wakamsalimu mwongoza wageni, "Kamwene," wakamfuata kwenye korongo. Yeye akabaki juu, kivulini, akitandika khanga, akimenya mayai, akipanga sahani. Ilionekana wazi kwamba tulikuwa hatujamleta matembezini. Jiko lilikuwa limehama kilomita 20, naye amehama nalo.

Aliyeliona hilo kwa vitendo ni mama mwenye nyumba. Alikuwa amekwisha kushuka hatua kadhaa pamoja na watoto wake wakubwa, akageuka, akasimama kidogo, akapanda tena. Hakutoa hotuba. Alifungua khanga mgongoni mwa binti, akamchukua mwanawe, akajifunga mwenyewe, akasema, "Nenda ukaone, wasije wakakuacha. Mayai nitamenya mimi."

Binti alisimama pale kwa muda. Tulimtazama, na tunaweza kuwaambia kwamba hakujua afanye nini na mikono yake mitupu. Kisha akashuka, kwanza polepole, halafu mbio kama watoto wengine.

Chini korongoni mwongozaji alikuwa akionesha shoka la mkono na kueleza jinsi lilivyochongwa pande zote mbili. Watoto waliuliza maswali ya watoto: kama watu wale walikuwa warefu, kama walikuwa na simba. Binti akanyosha mkono na kuuliza, "Nani alikuwa anawapikia?"

Baadhi yetu wakacheka. Mwongozaji hakucheka. Alizungusha mkono juu ya mawe yote yaliyotapakaa pale, akasema, "Dada, hizi zana ni nyingi mno. Huenda kila mmoja alikuwa na yake."

Tumelibeba jibu hilo tangu siku ile.

Ingekuwa furaha kama tungeishia hapo. Lakini kati ya zile familia saba zilizokataa, ilikuwapo moja ambayo binti wake alikuwa hajarudi kwao tangu aletwe mjini, yapata miaka mitatu. Kila likizo ilipokaribia palikuwa na sababu: mama mwenye nyumba amejifungua, wageni wanakuja, nauli imepanda, subiri Krismasi. Hawakuwa watu wakatili. Walimvisha, walimlisha, walimpeleka zahanati alipougua. Mwezi Agosti baba yake aliugua ghafla kijijini akafariki, na habari ilipofika, na ruhusa ilipopatikana, na basi lilipopatikana, maziko yalikuwa yamekwisha. Tulimsindikiza stendi. Alituambia neno moja tu: kwamba hakumbuki vizuri sauti ya baba yake. Familia ile inalijutia jambo hilo hata leo, na tumewaombea. Lakini pumziko lililonyimwa halilipwi baadaye kama deni la dukani. Miaka ile mitatu imekwenda, na aliyekuwa akisubiriwa kuonwa hayupo tena.

Ndiyo maana, wapendwa, tunasema kwamba jambo hili si la adabu njema tu. Ni la haki. Sheria ya nchi yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka 2004, inampa mfanyakazi mapumziko yasiyopungua saa 24 mfululizo kila wiki, na likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo. Haikuandikwa kwamba anayefanya kazi jikoni asihesabiwe. Na Kanisa lilisema mapema kuliko sheria hiyo. Tarehe 15 Mei 1891 Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wake Rerum Novarum, akatetea mapumziko ya mfanyakazi katika siku ya Bwana na kuwakumbusha matajiri kwamba mtu si chombo cha kujipatia faida. Ni mwaka ule ule ambao Wahehe, tarehe 17 Agosti, walikishinda kikosi cha Zelewski pale Lugalo, wakatetea heshima yao kwa mikuki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulirudia kwamba wafanyakazi wanastahili muda wa kutosha kwa ajili ya familia, utamaduni na dini (Gaudium et Spes, 67). Na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatuonya tusiwatwishe wengine, pasipo lazima, kazi zitakazowazuia kuiadhimisha Dominika (na. 2187). Mwaka 2025, Kardinali Prevost alipochaguliwa kuwa Papa na kuchukua jina la Leo XIV, alieleza kwamba sababu kubwa ya kulichagua ilikuwa ni kumkumbuka yule Leo wa Rerum Novarum.

Tumekwisha kusikia pingamizi, nazo si za kupuuzwa.

Ya kwanza ni hii: nani atalinda nyumba? Wezi wapo, hilo hatukatai. Lakini jumuiya ndogondogo zipo kwa ajili gani, kama haziwezi hata kulindiana mlango kwa siku moja? Familia tano ziende Jumamosi hii, tano ziende Jumamosi ijayo, na kila kundi liangalie nyumba za wenzao. Jirani anayekutazamia nyumba leo, kesho utamtazamia yake. Hapo mtakuwa mmejenga jumuiya kuliko kwa mikutano mitatu ya kuchangishana.

Ya pili: akizoea matembezi, atapanda kichwa, au ataona mji ulivyo na kutoroka. Tunauliza kwa upole: je, nyumba ambayo mtu anabaki ndani yake kwa sababu tu hajaona njia ya kutokea, inaitwaje? Binti aliyeheshimiwa ana sababu ya kubaki. Na akiondoka kwa kwenda kujifunza ushonaji, au kurudi shule, basi mshukuruni Mungu kwamba alipita mikononi mwenu.

Ya tatu: chakula kitapikwa na nani? Hapa tuna ushuhuda wa zamani. Tulipokuwa seminarini palikuwa na mlezi mmoja aliyeagiza kwamba, siku ya matembezi makubwa ya mwaka, wapishi nao wapande lori. Sisi mafrateri tulichemsha viazi na mayai usiku wa kuamkia safari, na baadhi ya viazi vile vilikuwa vibichi katikati. Tulivila hivyo hivyo, juu ya mlima, pamoja na wapishi wetu, nao walitucheka sana. Hakuna aliyekufa kwa njaa. Ni miaka mingi sasa, na mahubiri mengi ya mlezi yule yametutoka, lakini viazi vile tunavikumbuka.

Na ya nne, ambayo ni ya kweli kuliko zote: sisi wenyewe hatuna kitu, Baba. Kwa ndugu hawa tunasema, Gangilonga haihitaji basi. Chemsheni viazi, chukueni maji, valieni viatu vya kawaida, ondokeni saa tisa alasiri jua likipungua, na mrudi kabla ya giza. Mungu alipoagiza pumziko hakuagiza gharama.

Tukumbuke pia kwamba anayebaki nyumbani si binti wa kazi peke yake. Katika nyumba nyingine ni bibi ambaye magoti yamechoka, na hakuna aliyemwuliza kama angependa kukaa garini tu na kutazama dirishani. Katika nyingine ni mtoto mwenye ulemavu, ambaye wageni hawajawahi kuambiwa kwamba yupo. Kama safari haiwezi kumchukua, basi safari imfuate yeye: mmoja abaki naye kwa zamu, na leo abaki baba, si kila siku mtu yule yule.

Kuna neno moja la mwisho, nalo linatuhusu sisi watu wa mkoa huu kuliko wengine. Tunajua sote sifa yetu huko nje. Mtu wa Dar es Salaam akitafuta msichana wa kazi, husema, "Nitafutie wa Iringa." Mabinti wetu wanapakiwa mabasini kila mwezi, wengine wakiwa bado na sauti za kitoto. Mama zao wapo hapa kanisani. Wengi wenu mnatujia ofisini na kuomba Misa kwa ajili yao. Mnatuuliza kama ni vibaya kuomba kwamba bosi wake awe na moyo mwema, ampe simu azungumze nanyi, amruhusu Dominika moja aende kanisani na kuiona bahari ambayo yeye anaishi karibu nayo kwa mwaka wa pili bila kuigusa. Si vibaya. Ni sala nzuri sana. Ila Bwana ametuagiza tuwatendee wengine lile tunalotaka tutendewe sisi (Mt 7:12), na baadhi yetu tunayo majibu ya sala ya mama mwingine jikoni mwetu wenyewe. Binti wa Kilolo au wa Mufindi aliye kwako anaombewa na mtu asubuhi hii.

Mtakatifu Zita, ambaye Kanisa linamtambua kuwa msimamizi wa watumishi wa nyumbani, alifanya kazi katika nyumba moja huko Lucca, Italia, tangu utotoni hadi alipofariki mwaka 1272. Aliyekuwa mjakazi, leo anaheshimiwa altareni. Mungu hahesabu kama tunavyohesabu sisi.

Kiangazi hiki parokia itakwenda Kalenga. Tutasimama mbele ya fuvu la yule ambaye watu wake walimngoja miaka 56, na tutawaeleza watoto kwa nini walimngoja. Mwalimu, mwenyekiti wetu, amekwisha kupiga mistari ya karatasi yake. Safari hii safu ni nne. Ya nne ameiandika kwa herufi kubwa, kwa mkono wake mzuri wa ubaoni: ANAYEBAKI NI NANI, NA ZAMU YAKE YA KWENDA NI LINI? Amesema kwamba hatapokea jina la familia yoyote ambayo imeiacha safu hiyo wazi.

Tunawaomba muijaze kwa ukweli. Na mama wa yule mtoto wa mgongoni ametuma salamu: viazi vya safari hii atachemsha mume wake.

Mwenyezi Mungu awajalie pumziko jema, ninyi na wote waliomo ndani ya malango yenu: Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.

Paroko wenu